Tarehe za Shangazi

Ilianza Jumamosi, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Sina shaka na saa hiyo kwa sababu niliiandika kiganjani kwa kalamu ya Mjomba kabla ya kupata nafasi ya kuiandika humu daftarini, na wino ulikaa mkononi mpaka Jumatatu. Kwenye kompyuta ya tatu, ile ya ukutani ambayo wateja hawaipendi kwa kuwa feni haifiki, lilitokea tangazo ambalo sikuliandika mimi wala mtu yeyote wa Moroni. Lilikuwa limetoka Marseille.

"Mjomba," nikasema.

Hakusikia. Nikisema mara ya kwanza huwa hakuna anayesikia, na mara ya pili huwa sisemi. Siku ile nilisema mara ya pili, tena nikasimama.

"Mjomba, limekuja!"

"Nini kimekuja? Umeme?"

"Tangazo!"

Aliiacha mashine ya kunakili ikitema karatasi peke yake, akaja mbio na makubazi yake yakipiga sakafu. Akainama mbele ya kioo. Akasoma. Akabonyeza kitufe cha kusoma upya, tangazo likaondoka, likarudi. Akabonyeza tena.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

"Wewe? Wewe unayeshindwa kumwambia muuza mkate kuwa umetangulia kwenye foleni?"

Nikacheka mpaka nikajifunika uso kwa leso.

Nieleze vizuri, maana hata Mama alinitaka nimweleze mara tatu. Jamaa zetu wa Marseille wana mfumo wao wa kuhifadhi matangazo: harusi, misiba, watoto waliozaliwa, mizigo iliyopotea. Mtu mwenye ruhusa anaingia popote alipo duniani, anajaza fomu, tangazo linakaa humo. Mjomba aliuita Ghala. Na Mjomba mwenyewe, katika duka lake la intaneti juu kidogo ya bandari ya zamani ya Moroni, alikuwa ametengeneza programu ya kuonyesha matangazo kwa watu wa mjini, lakini matangazo yenyewe alikuwa akiyapiga chapa kwa mkono kutoka kwenye barua na simu. Kazi niliyopewa ilikuwa kuviunganisha viwili hivyo: programu ya Mjomba ibishe hodi kwa Ghala, ionyeshe ufunguo, iulize kuna nini kipya, na ikijibiwa ipange jibu vizuri kwenye ukurasa. Shule ilikuwa imefungwa kwa mgomo, nami nilikuwa nimesoma kitabu cha Mjomba mpaka kimeachana kurasa. Majuma matatu Ghala lilinijibu jambo moja tu, kwamba sina ruhusa. Jumamosi ile nikagundua kuwa ufunguo niliokuwa nikiunakili kutoka kwenye karatasi ulikuwa umekosa herufi yake ya mwisho, iliyoingia kwenye mkunjo.

Tangazo la kwanza lilikuwa la harusi ya Ntsoudjini. Palikuwa na mama mmoja dukani, mtu wa hukohuko, aliyekuja kunakili cheti. Mjomba alipolisoma kwa sauti, yule mama alipiga kigelegele kilichowafanya wavuvi waliokuwa kibarazani wachungulie dirishani.

"Harusi ya mpwa wangu!" akasema. "Nilijua itatangazwa, lakini si kwenye televisheni!"

"Si televisheni, mama. Ni kompyuta."

"Inang'aa au haing'ai?"

Tulicheka wote. Nilirudi nyumbani nikiruka madimbwi ambayo hayakuwepo.

Naandika Kiswahili kwa sababu bibi yangu mzaa mama alikuja nacho kutoka Unguja, na kwetu ndicho kinachosemwa mlango ukishafungwa. Darasani wanaandika Kifaransa na wanazungumza Shingazidja, lugha ya kisiwa chetu cha Ngazidja. Nikisahau daftari dawatini, hakuna atakayejisumbua nalo. Kwa hiyo humu nasema kweli. Na kweli ni kwamba furaha yangu haikuwa ya harusi ya Ntsoudjini. Ilikuwa ya Mutsamudu.

Dada yangu yuko Mutsamudu, kwenye kisiwa cha jirani. Marehemu baba yetu alikuwa mtu wa kule, na dada alikwenda kufundisha, akaolewa, akakaa kwa Shangazi, dada yake Baba. Halafu kisiwa chao na serikali ya huku wakakosana, kisiwa kikataka kujitenga, boti zikasimamishwa, ndege zikasimamishwa, na simu zikawa zinaita kwenye sikio lako bila kuita kule unakopiga. Mara ya mwisho tulipompata, dada alikuwa ameingia mwezi wa tisa. Ni mimba yake ya kwanza. Kwetu mtu hazai mara ya kwanza bila mama yake kuwa mlangoni, na mama yangu alikuwa amekaa Moroni akitazama bahari ambayo haruhusiwi kuivuka.

Siku ileile, dada akiwa bado anamsikia kwenye simu, Mama aliweka nadhiri. Atafunga kila siku mpaka asikie kwa uhakika kwamba mwanawe amejifungua salama. Mama ana presha. Mjomba, ambaye ni mdogo wake, alimsihi. Alimwambia, "Dada, funga Jumatatu na Alhamisi basi." Mama akamjibu, "Nimesema kila siku, na niliyemwambia si wewe."

Jumamosi ile alikuwa amefikisha siku kumi na tatu.

Sasa Shangazi ni karani kwa mfanyabiashara mmoja mle ndani ya mji wa mawe, chini ya ngome, na kabla ya simu kukatika Mjomba alikuwa amemwombea ruhusa ya kuandika kwenye Ghala. Kompyuta ya ofisi anayo yeye. Ndiyo maana nilihangaika majuma matatu. Mutsamudu na Moroni hawakuweza kuzungumza, lakini wote wawili waliweza kuzungumza na Marseille.

"Sasa tutasikia," nilimwambia Mama Jumamosi jioni. "Shangazi akiandika tu, nusu saa haipiti."

Mama alinishika kidevu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nilipokuwa mdogo. "Wewe na huo ukimya wako," akasema. "Kumbe ulikuwa unapika."

Jumapili watu walijaa dukani. Jumatatu walijaa zaidi. Matangazo yalikuja ya Marseille, ya Lyon, ya Mayotte, hata la msichana aliyefaulu mtihani wa udereva. Mjomba alikuwa akiwasomea kama mtangazaji wa redio. Mimi nilikaa nyuma ya kompyuta ya tatu, nikiangalia kila nusu saa programu inavyobisha hodi na kujibiwa. Kutoka Mutsamudu, hakuna hata moja.

"Pengine hawana umeme," Mjomba akasema.

"Wanao. Shangazi aliandika kwenye barua ya mwisho kwamba unawashwa magharibi."

"Basi pengine hana habari."

Jumanne Mama alikwenda sokoni akarudi akiwa ameshikwa mkono na muuza ndizi. Alikuwa ameona giza, akakaa chini katikati ya njia. Nilimkanda miguu huku nikimwomba afungue kwa maji tu. "Jua bado," akasema. Siku hiyo Mjomba alifunga duka saa kumi na moja ili akae naye.

Na Jumatano asubuhi, tulipofungua duka, tangazo la Mutsamudu lilikuwepo! La Shangazi! Nilipiga kelele, mimi, mbele ya wateja wanne. Halafu nikalisoma.

Lilisema kwamba jirani yake anatafuta sanduku la kijani lenye kamba, lililobaki bandarini Moroni siku ya boti ya mwisho. Atakayeliona aliweke pakavu.

Nilimpelekea Mama likiwa limechapishwa kwenye karatasi. Alilisoma, akaligeuza nyuma kuangalia kama kuna lingine.

"Ana nafasi ya kuandika sanduku la jirani," akasema polepole, "na hana nafasi ya kuandika habari za mwanangu?"

"Pengine bado hajajifungua, Mama."

"Au pengine limetokea jambo lisiloandikika."

Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo mpaka alipolisema. Mchana kutwa nilimwona Shangazi akilini, katika kichochoro kile cha kwao ambako watu wawili wenye vikapu wakikutana lazima mmoja ajibanze ukutani, akitembea akiwa na neno zito ambalo hataki kulitia kwenye fomu. Redio kwa jirani ilikuwa inasema wanajeshi watavuka wakati wowote. Niliandika humu: *Nimejenga mlango na mlango hauniletei mtu ninayemtaka.*

Alhamisi haikuja kitu.

Magharibi ilipoadhiniwa nilimpa Mama tende tatu na maji. Alikunywa macho yamefumbwa. Halafu akafuta midomo, akasema, "Alhamdulillah. Ijumaa imeingia. Niletee msahafu nisome Yasini, nimwombee dada yako."

Nikasema, bila kufikiri, kwa sababu siku tano nilikuwa nimeishi ndani ya kompyuta, "Leo Alhamisi, Mama."

"Alhamisi imeondoka na jua lake. Shule gani hiyo inayokufundisha kuwa siku inaanza katikati ya usiku watu wamelala?"

Nilisimama na msahafu mkononi. Nilihisi damu inapanda mpaka masikioni.

Maana mimi mwenyewe nilikuwa nimeongeza mistari miwili kwenye programu, na Mjomba sikumwambia. Wa kwanza: programu ikumbuke namba ya tangazo la mwisho ililoliona, na ikibisha hodi tena iombe ya mbele yake tu, kwa sababu intaneti yetu inakwenda kwa kutambaa. Wa pili: tangazo lenye tarehe ambayo haijafika, lirukwe. Huo niliuweka kwa sababu ya watu wa Marseille, ambao huandika sherehe zao mwezi mmoja kabla, nami sikutaka zijae kwenye ukurasa. Nilijiona mjanja sana.

Na Shangazi? Shangazi anapata umeme magharibi. Anakaa kwenye kompyuta akiwa ameshaswali. Fomu inamdai tarehe. Shangazi, aliyezaliwa Mutsamudu, aliyesoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, kabla ya kusoma shuleni, anajaza tarehe ya siku aliyomo. Jua limezama, ni kesho. Basi anaandika kesho. Na programu yangu inafika, inaona tarehe ya kesho, inaruka, inakumbuka namba, na hairudi nyuma tena maisha yake yote.

Sanduku la kijani lilipita kwa sababu Jumanne duka lilifungwa kabla ya magharibi. Programu ililiona Jumatano asubuhi, siku ambayo kompyuta na Shangazi walikuwa wamekubaliana.

"Mama! Wameandika! Mimi ndiye niliyewatupa!"

"Umemtupa nani?"

"Twende! Twende dukani, tafadhali!"

"Yasini—"

"Utaisomea dukani!"

Sijui kama nimewahi kumkata Mama neno. Alinitazama kama anayemtazama mtoto wa jirani, kisha akajitanda shiromani yake kichwani. Si mbali, ni kushuka mtaa mmoja. Nilitaka kukimbia nikashindwa kwa sababu alikuwa ameniegemea begani, na nilimhisi alivyopungua, mkono mwepesi kama wa mtoto. Mjomba alikuwa anawatoa wateja wa mwisho.

"Usizime ya tatu!" nikapiga kelele toka barabarani.

Mjomba akashika kifua. "Huyu ni nani? Amempeleka wapi mpwa wangu?"

Nilikaa. Kabla ya kugusa chochote nilisema, kwa sababu nilijua nikinyamaza hapo sitasema tena: "Mjomba, niliongeza mistari miwili bila kukwambia. Matangazo yote ya Mutsamudu yalifika. Programu iliyaacha kwa kosa langu."

Alifungua mdomo. Akamwangalia Mama, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki akipumua. Akafunga mdomo. "Ondoa," akasema.

Nikaufuta mstari wa pili. Nikaifuta ile namba, nikaandika sifuri, ili programu ione kama inabisha hodi kwa mara ya kwanza. Taa ya modemu ikaanza kupepesa. Dakika zile zilikuwa ndefu. Sherehe za Marseille zikaanza kumiminika, ya mwezi ujao, ya mwezi wa pili wake, na Mjomba akasema "Pita, pita," kana kwamba anafukuza mbuzi.

Halafu Mutsamudu. Mutsamudu. Mutsamudu. Mutsamudu. Mutsamudu.

"Soma," Mama akasema.

"Mjomba asome," nikasema.

"Nimekwambia wewe."

Shangazi anaandika Shindzuani, lugha ya kisiwa chao, iliyochanganywa na Kifaransa cha ofisini. Nilimsomea Mama kwa Kiswahili.

La kwanza liliandikwa Jumapili, likiwa na tarehe ya Jumatatu: "Kwa jamaa wote wa Moroni. Usiku huu baada ya magharibi binti yetu amejifungua salama mtoto wa kike. Mama na mtoto wazima. Mwambieni bibi yake afungue."

Mama alitoa sauti ambayo siwezi kuiandika. Mjomba akasema "Allahu Akbar" akapiga meza, na kipanya cha kompyuta kikaanguka.

"Endelea," Mama akasema. "Kuna mengine. Endelea!"

Jumatatu: "Mtoto ananyonya vizuri kuliko wote waliowahi kuzaliwa katika nyumba hii. Mbona kimya?"

Jumanne lilikuwa lile sanduku.

Jumatano: "Naona watu wa Ngazidja hamna haja nasi tena. Sawa. Lakini mtoto ana pua yenu, mje muichukue."

Hapo Mama alicheka. Alicheka huku machozi yanamwagika mpaka shiromani ikateleza kichwani. "Ni yeye!" akasema. "Ni yeye kabisa, ulimi uleule! Hata harusini kwangu alinisema pua!"

Na la Alhamisi, lililokuwa na tarehe ya Ijumaa, lililoandikwa labda tulipokuwa tunashuka mtaa: "Jina tumelibakisha. Mama yake hataki mtu mwingine alitoe ila bibi. Siku ya saba ni Jumapili. Tukikosa jibu tutampa jina la kwetu huku, na lawama msije mkanitupia mimi."

Jumapili. Tungepoteza hata jina.

Nilijificha uso mikononi. Nilisema, "Nisamehe, Mama. Siku nne umefunga bure."

"Nani kakwambia bure?" Alikuwa anajifuta kwa ncha ya shiromani. "Nilisema mpaka nisikie. Ndiyo nimesikia sasa. Ungeuacha huo mlango wako vile ulivyo, ningefunga mpaka lini?"

Mjomba akanigonga utosini kwa kidole kimoja. "Mstari mwingine ukiongeza," akasema, "unaniambia. Hata kama ni kwa barua."

Asubuhi ya Ijumaa niliamka kabla ya Mama nikapika uji wa mchele na nazi, mzito, kama anavyoupenda. Nikambandikia na samaki wa jana. Nilikaa mbele yake nikimtazama akila, kijiko kwa kijiko, mpaka akauliza kama nimetumwa na daktari. Alipomaliza bakuli aliniita karibu, akaninong'oneza jina. Silitii humu, lina mwenyewe sasa.

Saa mbili kasorobo nilikuwa dukani, Mjomba akiwa bado anafungua makomeo. Nilimwomba aniingize kwenye Ghala kwa ruhusa yake ya kuandika. Kwanza nilirekebisha programu, naye akiwa amesimama nyuma yangu: tangazo la siku ya mbele lisirukwe tena, na lenye kutoka Mutsamudu lisiulizwe tarehe kamwe. Halafu nikafungua fomu.

Niliandika kwa Shindzuani yangu mbovu. Hongera. Mama amefungua, amekula uji bakuli zima. Pua tunaidai. Sanduku la kijani Mjomba atalitafuta leo. Kosa la kimya lilikuwa langu, si la watu wa Ngazidja. Halafu jina, peke yake, kwenye mstari wake.

Kwenye tarehe nikaandika Ijumaa. Ilikuwa asubuhi; hapo hatukuwa na ugomvi, mimi na Shangazi na kompyuta.

Kwenye fomu kilibaki kisanduku cha mwandishi, ambamo jina la Mjomba hujitokeza lenyewe. Nikalifuta, nikaandika langu, nikabonyeza kitufe.